Nyumba Iliyovuta Kushoto

Tangu niteremke juzi kutoka kwenye lori la mchele pale soko la Uvira, kila mtu ananiuliza neno lilelile: "Asukulu, nini ilibapata kule?" Wengine wamesikia kwamba tulitumbukia ziwani. Wengine wamesikia kwamba mke wangu alizalisha mtu njiani huku gari limesimama kwa mguu mmoja, kama korongo. La ziwani ni uongo. La korongo liko karibu na kweli. Nimechoka kulisimulia vipande vipande, kwa huyu mkia na kwa yule kichwa, kwa hiyo nimekaa chini nililete lote.

Gari lenyewe wengi mnalijua. Ni lori la jeshi lililobaki baada ya vita, na daktari wetu wa zamani alilijengea nyumba ya mbao mgongoni. Ndani mna kitanda, meza ya kukunja, na jiko la chuma la kuni ambalo bomba lake linatokea juu ya paa. Mlango uko nyuma, na ngazi yake. Daktari alilala humo alipozunguka vijijini. Alipohamishwa, iliamuliwa gari-nyumba lipelekwe Lulimba, kule kwa wachimbaji wa dhahabu, liwe chumba cha kuzalishia. Mke wangu Sifa, ambaye mtaani mnamwita Mama Feza, ni mkunga. Mimi ni shofere. Tukapewa kazi hiyo sote wawili.

Sifa alikuwa na sababu yake nyingine. Mdogo wake aliolewa Lulimba, na katika mvua zilizopita alikufa kwa uzazi huko, yeye na mtoto tumboni, kwa sababu barabara ilikuwa imejifunga na hapakuwa na mkunga wa kumfikia. Sasa mvua zilikuwa zinarudi. Alifunga mizigo yake bila kuimba, na Sifa asipoimba mimi huwa naharakisha.

Uvira mpaka Mboko

Hata kabla hatujaacha nyumba za mwisho za mji nilijua kwamba gari lina ugonjwa. Lilivuta kushoto. Ukiachia usukani kidogo tu, pua inaelekea majanini.

Gari likivuta upande mmoja, unaanza na upepo wa matairi. Nikasimama, nikagonga matairi ya mbele kwa nyundo. La kushoto lilitoa sauti nzito. Nikalipiga pampu mpaka mikono ikaniuma, tukaendelea, na gari likavuta kushoto vilevile. Nikasimama tena, nikabadilisha tairi la kushoto likaenda kulia, na la kulia likaja kushoto. Kama kosa lingekuwa la tairi, sasa gari lingevuta kulia. Halikuvuta kulia.

"Labda ni mzigo," nikasema.

Pipa la maji la Sifa lilikuwa upande wa kushoto. Tukalihamisha, pamoja na gunia la chumvi na sanduku la dawa. Tukaondoka tena, Sifa akitazama barabara.

"Umehamisha jikoni yangu yote," akasema, "na gari bado iko inaenda kushoto."

Tuliingia Mboko na njaa kubwa. Nilitegemea watu watatukimbilia kuliangalia gari lenye bomba la moshi. Badala yake, wanaume wote waliokuwa wamekaa kando ya barabara walisimama kwa pamoja na kupotelea katika mashamba ya mihogo. Alibaki mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula, kwa sababu sufuria yake ilikuwa motoni.

"Banaume beko wapi?" nikamuuliza.

"Balikimbia. Bamesema hii ni gari ya kukamata bantu ya kazi ya barabara. Munabafungia ndani ya ile nyumba."

"Na bomba?"

"Bomba ni ya kubapa pumzi."

Sifa alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha kitanda, mashuka meupe na beseni. "Mama, mi niko mukunga. Hii ni nyumba ya bamama ya kuzalia." Yule mama akachungulia, akapiga makofi, kisha akageukia mihogo na kuita kwa sauti iliyofika, nadhani, mpaka ng'ambo ya ziwa: "Mutoke! Ni nyumba ya mimba!"

Walitoka mmoja mmoja, majani yamewashika kichwani, wakicheka kwa aibu. Tulikula bukari, ule ugali wa mihogo, na ndakala, dagaa wa ziwa, wa kukaanga wenye pilipili, na wanaume walewale wakagombania kunisaidia kukaza magurudumu.

Mboko mpaka Baraka

Baada ya Mboko ugonjwa wa pili ukajitokeza. Kila nilipokanyaga mwendo kidogo, halafu gurudumu likapiga shimo, usukani ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka mikono ikafa ganzi na meno yakagongana. Nikipunguza mwendo, unanyamaza.

Pale barabara ilipokaribia maji ya ziwa, mtetemeko ulinikuta kwenye mteremko. Breki zilishika, lakini pua ilikwenda ilikotaka. Tukaacha barabara, tukashuka mchangani, tukasimama. Hapa ndipo mlipopata ile habari ya ziwani. Hatukugusa maji. Tuligusa kitu kibaya zaidi: ndakala wa watu, wameanikwa juani.

Mwenye samaki alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya ngoma. Alizunguka gari lote, akaangalia alama za matairi juu ya samaki wake, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe shofere. Barabara hukuiona?"

"Mama, niliiona. Gari ndiyo ilikataa."

"Basi wewe na gari yako mutaokota."

Tukaokota. Mimi, Sifa, na yeye mwenyewe, tumeinama mchangani, tukichagua ndakala wazima, tukiwapangusa na kuwaanika upya. Jua lilitupiga migongo. Sifa akaanza kucheka peke yake, na yule mama naye akaambukizwa. Mwishoni alitufungia katika jani wale waliopondwa. "Hawa munapashwa kula nyie," akasema. "Munabaua, munabakula."

Tulifika Baraka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Baraka, kwa Fundi Alimasi

Baraka kuna fundi anayeitwa Alimasi, mtu mwembamba wa kofia nyeupe, anayetengeneza baisikeli na malori ya pamba. Hakugusa kitu kwanza. Alinitaka nikae kwenye usukani, yeye akalala chini ya gari.

"Geuza. Rudisha. Geuza tena, polepole."

Nikageuza na kurudisha. Alikuwa anatazama ni chuma kipi kinachelewa kufuata mwenzake. Kisha akaniita nilale pembeni yake, akamweka Sifa kwenye usukani. Nikaona kwa macho yangu: ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda gurudumuni ilikuwa inacheza kichwani mwake, tak, tak, kabla ya kusukuma. Alipoifungua, kijispringi cha ndani kinachobana gololi kilikuwa kimekatika vipande.

Springi ya namna hiyo haikuwepo Baraka. Alimasi alizunguka banda lake akishikashika vitu, akatoka na tandiko kuukuu la baisikeli. Alikata springi yake, akaisugua kwa tupa, akaipima, akaisugua tena. Katikati ya kazi akaweka tupa chini, akaosha mikono na kwenda kuswali, maana ilikuwa Ijumaa, nasi tukakaribishwa nyumbani kwake kula wali na mikeke, wale samaki wa ziwa, kwa nazi pamoja na watu ambao sikupata kujua ni ndugu au ni wateja.

Jioni tulilijaribu gari kwenye barabara ya mchanga. Mtetemeko ulikuwa umekwisha kabisa. Nikapiga kelele ya furaha. Lakini Alimasi, aliyekaa kando yangu, alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Bado unaishikilia," akasema.

Kweli. Gari lilikuwa bado linavuta kushoto.

"Kutetemeka nimemaliza. Kuvuta, ile iko na mama yake, na mama yake sijamuona. Mungoje. Nitafungua mbele yote."

Kufungua mbele yote ni kazi ya kungoja vyuma kutoka mbali. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima. Usiku ule mimi na Sifa hatukuelewana. Mimi nilitaka kungoja. Yeye alisema neno moja tu: "Nani atangoja na bamama ba Lulimba?" Asubuhi nilimwahidi Alimasi kwamba nitapanda polepole, naye akanitia mkononi kipande cha sabuni, zawadi ya njiani, na kuniombea dua.

Kupanda kwenda Fizi

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Barabara ya kupanda ilikuwa tope jekundu, ukuta wa mlima kulia, bonde kushoto. Mnajua tayari gari lilipenda upande gani.

Tulikuwa tumepanda sehemu kubwa tulipokutana na watu wanne waliotokea njia ya mlimani wamebeba kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Nyuma yao alikuja bibi mmoja mwenye fimbo na kibuyu. Walikuwa wafugaji kutoka Bibokoboko, juu kabisa. Juu ya kipoyi alilala msichana aliyeitwa Naomi, na mumewe Bizimana alikuwa mmoja wa wabebaji. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Walikuwa wanampeleka Fizi kwa daktari.

Sifa aliruka kabla sijasimamisha gari vizuri. Alimshika tumbo Naomi kwa mikono miwili, akafumba macho, akaweka sikio.

"Mumwingize ndani," akasema.

Bizimana aliangalia mlango, ngazi, bomba. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Hii iko nyumba ama iko gari?"

"Iko vyote viwili."

Bibi, mama yake Naomi, akatikisa kichwa. Alisema kwa lugha yao, na Bizimana akatafsiri: mtu hazalii juu ya kitu kinachotembea. Sifa akamshika yule bibi mkono. "Mama, mutoto hataangalia magurudumu. Ataangalia kama shuka iko safi." Bizimana akatafsiri tena. Bibi akafikiri, kisha akatangulia yeye mwenyewe kupanda ngazi.

Tukaondoka, wanaume wakitembea nyuma. Kwenye kona ya kwanza nilikata usukani kulia. Gari likafuata nusu, likakataa nusu. Lilipojinyoosha, lilijinyoosha kuelekea bondeni. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tuliposimama, kupitia dirisha langu sikuona barabara. Niliona vilele vya miti.

Nilishuka kupitia upande wa pili. Sifa akatoa kichwa mlangoni.

"Baba Feza, mbona umesimama?"

"Siwezi kuendelea hivi."

"Huyu mama hana muda."

"Najua. Lakini nikienda hivi nitabaua bote."

Akarudi ndani. Bizimana alikuwa amesikia kila neno. Hakunilaumu. Alikwenda kukaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa kofia.

Nilianza kulizunguka gari, sijui nikitafuta nini. Tope lilikuwa limejaa kila mahali. Gurudumu la kulia lilikuwa limevaa tope nene, na bati la madigadi nyuma yake vilevile. Nikaja upande wa kushoto. Hapo, nyuma ya gurudumu, bati lilikuwa safi. Liling'aa. Tairi lilikuwa linalikwangua tope kila lilipogeuka.

Kwa nini huku lisugue na kule lisisugue?

Nikaomba kamba ya kipoyi. Nikanyoosha magurudumu, nikapima upande wa kulia, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma, nikafunga fundo. Nikaipeleka upande wa kushoto. Kamba ilizidi kwa upana wa kiganja.

Sijui nilipiga kelele gani, lakini wote walisimama. Ekseli ya mbele, kile chuma kinachobeba magurudumu mawili, ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja. Kwa hiyo gari zima lilikuwa linatembea bega moja nyuma. Nikalala topeni. Juu ya ekseli hukaa yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito, na boloni moja, ile bolti ndefu, linapita katikati yao na kuyashikilia mahali pake. Boloni lilikuwa limekatika. Vyuma vinavyoyafunga vilikuwa vimelegea. Huyu ndiye mama yake.

Kutengeneza kulitaka vitu vitatu: kuinua gari, kusukuma ekseli mbele, na kupata boloni refu. Cha kwanza nilikuwa nacho, kiriki ya kuinulia. Cha pili, walikuwepo wanaume wanne, na panga la kukatia miti ya kusukumia. Cha tatu, nilijua mahali palipo na boloni refu, na sikupenda pale lilipo.

Nikagonga mlango. "Mama Feza, nitainua gari kidogo."

"Polepole! Na useme kabla!"

"Na nataka kuingia kuchukua boloni."

"Boloni gani?"

"Ya jiko."

Jiko lile lilifungwa sakafuni kwa maboloni manne, na wakati ule lilikuwa linawaka, maji yanachemka juu yake. Sifa alisema, "Ingia, angalia chini, usigeuke." Niliingia kama mwizi, macho miguuni. Nilisikia Naomi akipumua na bibi akimwimbia wimbo wa sauti ya chini. Nikafungua boloni moja kwa kitambaa, maana lilinichoma, nikatoka kinyumenyume. Jiko likabaki limesimama kwa matatu.

Tuliinua. Nililala chini nikigonga kipande kilichokatika kitoke, wanaume wakasukuma ekseli kwa miti. "Eeh-hee!" Bizimana akahesabu kwa lugha yake, wengine wakamfuata. Ekseli ikasogea kidogo, ikakwama, ikasogea tena. Matundu yakakutana. Nilipokuwa ninaingiza boloni la jiko, tukasikia kilio ndani ya nyumba. Kilio kidogo, chenye hasira. Wanaume wakatupa miti. Bizimana akakaa chini topeni akaanza kulia na kucheka.

Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo, bibi akatokeza kichwa akipiga kelele: "Impanga! Impanga!"

Nikadhani kuna la kukatwa. Nikachomoka chini ya gari, nikaokota lile panga la miti na kukimbilia ngazini nimelinyanyua. Bibi akaniona, akapiga yowe, akanifungia mlango usoni.

"Hapana panga!" Bizimana alikuwa ananing'ang'ania shati. "Impanga! Ni mapasa! Batoto babili!"

Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Sifa alifungua mlango mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na damu, na uso wake sikuupenda.

"Wa kwanza ni mzima, mwanaume. Wa pili amelala kwa upana. Mi siwezi kumugeuza, inapasha daktari. Gari iko tayari?"

"Nikaze tu."

"Kaza."

Tulikaza sote, mikono juu ya mikono, mpaka nikaogopa kuvunja kile tulichotengeneza. Nikateremsha gari. Nikawasha. Kwenye kona iliyofuata nilikata usukani kulia, na gari likaenda kulia. Kwenye sehemu iliyonyooka nililegeza vidole, nikangoja. Likabaki katikati ya barabara. Niliendesha lile gari kama mtu anayebeba maji kwa viganja, na wanaume walining'inia ngazini nyuma mpaka tukaona nyumba za Fizi.

Fizi

Daktari, Mbelgiji kijana mwenye ndevu, alitoka akiwa bado na kitambaa cha mezani shingoni. Sifa alimweleza kwa maneno machache ya Kifaransa na mengi ya mikono. Hakutaka Naomi ahamishwe. Alivua koti, akapanda kwenye gari letu, mlango ukafungwa.

Tulikaa nje, mimi na Bizimana, mgongo kwa gurudumu. Jua lilikuwa linashuka. Alinieleza habari za ng'ombe wake, kila mmoja na jina lake na tabia yake, na nilielewa kwamba hakuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anajizuia asisikilize.

Wa pili alikuwa msichana. Alitoka bila sauti; Sifa aliniambia baadaye kwamba alimpulizia na kumsugua mpaka mikono ikamchoka. Sisi nje tulisikia kimya tu. Kisha kitu kama paka mdogo. Kisha paka mdogo aliyekasirika.

Naomi alikuwa amepoteza damu, akabaki dhaifu siku kadhaa, lakini alibaki hai. Bibi alinitafuta akanipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Sisi watu wa ziwa maziwa hatukuyazoea, lakini sikutaka kumvunjia heshima, nikafumba macho nikamaliza kibuyu chote. Kumbe kilikuwa cha kuonja na kupitisha kwa wenzangu. Wale wabebaji walinitazama midomo wazi. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo akaniita jina ambalo Bizimana alikataa kunitafsiria.

Fizi mpaka Lulimba

Mvua ilitushika Fizi, kisha ikatuachia. Daktari alitupa boloni la kweli kutoka kwenye karakana ya serikali, na boloni la jiko likarudi kwenye jiko. Nililala chini ya gari kila tuliposimama, nikigusa vile vyuma kwa mkono kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Havikusogea. Tulikwama topeni mara nyingi, lakini hilo si kosa la gari, na kila mara walitokea wachimbaji wa dhahabu na majembe yao, wakatusukuma kwa nyimbo ambazo Sifa alijifanya hazisikii.

Lulimba, kabla ya kitu chochote, Sifa alikwenda peke yake kaburini kwa mdogo wake. Aliporudi alimwaga maji, akaanza kusugua sakafu. Baada ya muda nilimsikia akiimba.

Asubuhi yake, kabla sijapasha chai, alikuwepo mwanamke nje, mimba yake kubwa, pamoja na shangazi yake. Hawakugonga. Walikuwa wanaangalia magurudumu.

"Habari, bamama," Sifa akawaambia. "Mukaribie."

Yule shangazi hakusogea. "Tunataka kuuliza kwanza. Magari yanakuja hapa, yanarudi. Hii itarudi siku gani?"

Sifa akanigeukia mimi. Alijua kama ninavyojua kwamba hakuna aliyetuambia neno juu ya hilo.

Nikachukua kiriki na magogo yaliyokuwa yamekatwa kwa ajili ya ua. Nikainua mbele, nikaweka gogo. Nikainua nyuma, nikaweka gogo. Nikafungua magurudumu yote, moja baada ya jingine, nikayasukuma mpaka kwenye ghala la kapita, msimamizi wa wachimbaji, na kuyafungia humo. Niliporudi, nyumba ilikuwa imekaa juu ya magogo, imetulia, bomba lake linatoa moshi.

"Haitarudi," Sifa akawaambia. "Muingie."